Themostati ya Prado ya 1997, injini 1KZ-TE: nimeletewa mbili, hakuna inayofaa

MamaParachichi, Njombe

Wakuu, habari za majukumu.

Nina Prado ya mwaka 1997, injini ya dizeli 1KZ-TE, gia otomatiki. Kibati cha kwenye boneti kimeandikwa KZJ95W. Nalima parachichi, na gari hili ndilo linalonipeleka shambani, ndilo linalobeba miche, na ikibidi ndilo linalonishusha Dar. Nalipenda na nataka lidumu, kwa hiyo naomba majibu ya watu wanaoijua injini hii kwa kuishika.

Gari halina themostati, ile vali inayoyaachia maji ya injini yaende rejeta yakipata moto. Mwenye gari wa kwanza alishauriwa aiondoe kwa maelezo kwamba Afrika ni joto na haihitajiki. Afrika ya wapi sijui, maana huku mwezi wa saba tunaamka na sakitu kwenye majani. Nikiendesha mjini mshale wa geji haufiki katikati. Hita inapuliza hewa ya vuguvugu tu. Asubuhi natoa moshi mweupe wenye harufu ya dizeli mbichi mpaka majirani wanafunga madirisha, na mafuta linakula kuliko Prado ya shemeji yangu yenye injini hiyohiyo.

Kinachonichanganya ni mlima wa Kitonga. Nikitoka Dar, pale Ruaha Mbuyuni kwenye mibuyu joto ni kali, kisha unaanza kupanda. Katikati ya mlima mshale unapanda kuvuka katikati, nazima kiyoyozi, napunguza mwendo, nafika Ilula roho ikiwa mkononi. Sasa nielewesheni: gari lisilo na themostati linawezaje kuwa baridi mno Njombe na kutaka kuchemsha Kitonga?

Fundi wangu alikwenda Makambako akarudi na themostati mbili, zote ziliuzwa kwa jina moja, "ya Prado dizeli".

Ya kwanza imegongwa 82. Inaingia kwenye kiti chake vizuri kabisa, raba inakaa. Ila kwa chini haina kile kisahani chenye springi.

Ya pili imegongwa 88. Kisahani inacho, lakini ukingo wake ni mpana kuliko kiti, haiingii. Fundi alitaka kuupunguza kwa tupa. Nimekataa, nikamwambia tusubiri niulize.

Je, niweke hiyo 82 kwa kuwa inakaa? Hiyo tofauti ya 82 na 88 ina maana gani kwa mtu anayeishi kwenye baridi lakini anapanda Kitonga? Na dukani niombe nini hasa ili nisiletewe tena kitu cha kubahatisha?

KijanaWaLori, Mwanza

Dada usijisumbue. Mimi nimeendesha malori bila themostati na sijawahi kuchemsha. Hicho kitu kikikwama kimefunga, injini imekwenda. Bora kisiwepo. Kama Kitonga inapanda, safisha rejeta, ongeza feni ya umeme, basi.

BabuWaSpea, Dar es Salaam

Mama Parachichi, poleni na baridi. Umefanya jambo la maana sana kukataa tupa. Mimi nauza spea za Toyota hapa Gerezani, na kabla ya kukaa dukani nilikuwa chini ya magari, kwa hiyo nitakujibu kwa kirefu.

Nianze na hiyo 82 inayokaa vizuri, kwa sababu kati ya hizo mbili hiyo ndiyo itakayokuumiza. Ile ya 88 inajikataa yenyewe. Hii inaingia, boliti zinakaza, maji hayavuji, fundi analipwa, na kila mtu anaamini kazi imekwisha.

Kisahani cha chini si pambo. Injini yako ina njia mbili za maji. Moja inapita kwenye rejeta. Nyingine ni baipasi, njia fupi inayoyarudisha maji kwenye wota pampu bila kuyapeleka rejeta, ili injini ikiwa baridi maji yazunguke ndani kwa ndani yapate moto upesi na kwa usawa. Ndani ya kile kikombe cha shaba cha themostati kuna nta. Nta ikiyeyuka inatanuka na kusukuma pini. Vali kubwa inafunguka, maji ya rejeta yanapata njia, na kwa mwendo uleule kisahani cha chini kinashuka kuziba tundu la baipasi. Joto likishuka nta inaganda, springi inarudisha kila kitu.

Ukiitoa themostati, tundu la baipasi linabaki wazi saa zote. Maji yanapenda njia nyepesi, na baipasi ni nyepesi kuliko vijibomba vyembamba vya rejeta. Sehemu nzuri ya maji inarudi injini ikiwa na moto uleule iliotoka nao. Njombe, kwa baridi ile na mwendo wa mjini, hayo yanayopita rejeta yanatosha kuipoza injini kupita kiasi. Kitonga, mzigo ukiwa mzito na hewa ya bondeni ikiwa ya moto, unahitaji maji yote yapite rejeta na hayapiti. Kwa hiyo ubaridi wa Njombe na moto wa Kitonga vina chanzo kimoja. Na hiyo 82 isiyo na kisahani itakutibu Njombe, hita itawaka, utafurahi, kisha utapanda mlima na tundu la baipasi likiwa wazi vilevile.

Uhakikishe mwenyewe. Fuata mpira wa chini wa rejeta mpaka unapoishia kwenye injini, fungua kifuniko, chukua tochi utazame ndani ya kiti cha themostati. Ukiona tundu la mviringo linatazamana nawe kule chini, hilo ndilo kisahani kinapaswa kuliziba. Pima kwa venia, ile rula yenye taya, kipenyo cha kiti, kipenyo cha tundu, na kina kutoka kwenye kiti mpaka kwenye tundu. Vipimo hivyo vitatu ni vya thamani kuliko jina lolote lililoandikwa kwenye boksi.

Sasa dukani. Usiombe themostati ya Prado, wala "Prado dizeli". Prado za umbo lako zilitoka na injini nyingi. Kuna RZJ95 ya petroli yenye 3RZ, kuna VZJ95 yenye V6 ya 5VZ, kuna yako ya 1KZ-TE, na kuanzia mwaka 2000 ikaja KDJ95 yenye 1KD. Zote muuzaji anaziita Prado, na hizo za KZ na KD zote ni dizeli lita 3. Omba kwa injini, na toa namba ya fremu iliyo kwenye kibati, ile inayoanza KZJ95. Gari lililotengenezwa kwa soko la Japani halina ile namba ndefu ya herufi na tarakimu 17 wanayoitumia Ulaya, ndiyo maana ukiingiza namba yako kwenye tovuti nyingi za spea haikubali. Mpe namba ya fremu muuzaji mwenye katalogi ya Toyota ya soko la Japani, au wakala wa Toyota. Atakupa namba ya spea inayoanza 90916-03 na kumalizika kwa tarakimu tatu. Hizo tatu za mwisho ndizo zinazotenganisha themostati na themostati. Ziandike kwenye daftari la gari. Ukishakuwa nazo unaweza kununua ya Toyota yenyewe, au ya kampuni nyingine kwa kulinganisha namba.

Mimi huwa nawapa watu Tama ya Japani kama ya Toyota haipo. Namba zao zinasomeka kirahisi. Ukiona WV, tarakimu zinazofuata ni kipenyo cha ukingo kwa milimita, na tarakimu za mwisho baada ya kistari ni joto la kufungukia. Hivyo hata kama muuzaji hajui, wewe mwenye venia unajua.

Kuhusu joto. Themostati haiipozi injini, inalinda kiwango cha chini tu. Iliyogongwa 82 inaanza kufunguka kwenye 82 na inafika mwisho wa kufunguka nyuzi kumi na kitu mbele yake. Ukiwa katikati ya Kitonga, ya 76 na ya 88 zote zimeshafunguka mpaka mwisho, na kuanzia hapo kazi ni ya rejeta, feni na wota pampu. Ndiyo maana mtu anayeweka ya joto la chini ili asichemshe anajidanganya, na atalipa kwa mafuta na kwa injini kuchakaa. Weka ile iliyoandikwa kwenye katalogi kwa injini yako. Usipande mpaka 88 eti kwa sababu Njombe ni baridi. Injini ikiwa na themostati nzima inajipatia joto lake hata kwenye sakitu.

Na usione ubaridi ni jambo dogo. 1KZ-TE ina pampu ya dizeli inayoongozwa na kompyuta, na kompyuta hiyo inasoma joto la maji. Ikiona maji ni ya baridi inaendelea kuichukulia injini kama ndiyo kwanza imewashwa. Otomatiki za Toyota za kizazi hicho nazo huchelewesha gia ya juu mpaka maji yapate moto. Dizeli isiyoungua vizuri inaosha oili kwenye kuta za silinda na kushukia kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini. Moshi wako mweupe wa asubuhi unatoka huko, labda na plagi za kupasha moto nazo zikaguliwe.

Kijana wa Mwanza, nakuheshimu, lakini injini za malori si hii. Hedi ya 1KZ-TE, yaani kile kipande kinachofunika silinda kwa juu, ni ya alumini, imekaa juu ya bloku ya chuma, na alumini inatanuka kuliko chuma. Injini hii inajulikana dunia nzima kwa kupasuka hedi ikichemshwa. Nimeona wengi wakija hapa kutafuta hedi, na nikiwauliza themostati iko wapi, jibu ni "fundi aliitoa". Inaniuma kila mara, maana kilichotolewa kilikuwa kitu cha kushika kwenye kiganja.

Mama, kabla hujaweka themostati mpya hakikisha hedi bado ni nzima. Asubuhi injini ikiwa imelala usiku kucha, ibonyeze mipira ya rejeta. Ikiwa migumu kabla hujawasha, kuna gesi inayoingia kwenye maji. Fungua mfuniko wa rejeta ikiwa baridi, mtu awashe, utazame kama mapovu yanatoka mfululizo bila kukoma. Gereji nzuri wana kimiminika cha bluu wanachokiweka juu ya rejeta, kikibadilika rangi gesi ya silinda imo. Ukikuta hivyo, simama hapo, themostati isubiri.

SurfEldoret

Habari yako mama. Niko Eldoret, nina Hilux Surf KZN185, injini ni hiyohiyo ya 1KZ-TE, na baridi tunaijua. Babu amesema yote ya maana. Mimi niongeze upande wa kupima, kwa sababu hata ukipata namba sahihi, feki ziko nyingi. Yangu niliitoa Nairobi, Kirinyaga Road, na kabla ya kulipa nilimwambia mwenye duka naenda kuipima, isipofunguka narudisha. Akakubali. Akikataa, tembea duka la pili.

Njia ni hii. Chukua mkebe wa zamani, usitumie sufuria ya jikoni, nitaeleza kwa nini. Fungua vali kidogo kwa kidole, pitisha uzi katikati, achilia vali iubane. Ining'inize themostati kwa huo uzi ndani ya maji, isiguse chini, na kando yake weka kipimajoto kisichogusa chini pia. Pasha moto polepole na koroga. Vali ikianza kufunguka uzi unaachia na themostati inazama. Soma joto papo hapo. Ikitofautiana nyuzi mbili juu au chini na ile namba iliyogongwa, hiyo ni nzuri. Ikiachia kwenye 70 na imeandikwa 82, rudisha. Ukishaitoa kwenye maji iangalie ikijifunga ipoe, lazima ifunge kabisa bila mwanga kuonekana pembeni.

Sasa sisi watu wa juu tuna shida yetu. Eldoret iko kama mita 2,100, Njombe nafikiri mko karibu hivyo. Maji hapa yanachemka kwenye 93 hivi, si 100. Themostati ya 82 unaona ikianza kufunguka, lakini haifiki mwisho, kwa sababu maji yenyewe hayapandi zaidi. Mekanika mmoja wa hapa alitupa themostati nzuri kabisa akisema imekufa, haifunguki vya kutosha. Haikuwa imekufa, maji ndiyo yaliishiwa joto. Ukitaka kuona imefunguka yote, weka kulanti (dawa ya rejeta) nusu na maji nusu kwenye mkebe, mchanganyiko huo unapita 93 bila kuchemka. Hapo pima kwa rula vali imefunguka kiasi gani. Milimita 8 mpaka 10 ndiyo unayotafuta kwa themostati za ukubwa huu.

Na hiyo ndiyo sababu ya mkebe. Kulanti ni sumu na ina utamu, mbwa na watoto wanaipenda. Fanya nje, na ukimaliza usiimwage uani.

Kwenye gari lenyewe usiogope hilo la 93. Mfuniko wa rejeta ukiwa mzima unabana presha, na kwa mfuniko ulioandikwa 0.9 maji yako huko juu hayachemki mpaka yapite 110. Lakini mfuniko ukiwa umechoka, sisi wa milimani ndio tunaochemsha mapema kuliko mtu wa Mombasa. Nunua mpya pamoja na themostati, na usome namba ya presha iliyo juu yake ifanane na ya zamani.

Jambo la mwisho kutoka kwangu. Geji ya Toyota za miaka hiyo imetengenezwa itulie katikati kwa muda mrefu. Joto linaweza kupanda nyuzi nyingi na mshale haujasogea. Ukiuona unavuka katikati pale mlimani kwenu, ujue injini imeshapita mbali. Mimi nimefunga geji ya pili inayosoma joto moja kwa moja kwenye mpira wa juu. Tangu hapo naendesha nikijua kinachoendelea.

MamaParachichi, Njombe

Shikamoo Babu. Ndugu wa Eldoret, asante sana, na Kijana wa Mwanza nawe asante kwa kuitikia.

Nimefanya kama mlivyosema. Mipira asubuhi ilikuwa laini kabisa. Tulifungua mfuniko injini ikiwa baridi, tukawasha, yalitoka mapovu machache mwanzoni kisha maji yakatulia. Fundi wangu anaye rafiki mwenye kile kimiminika cha bluu, kilibaki bluu. Nimelala usingizi.

Kisha tukafungua kifuniko cha mpira wa chini. Tundu lipo, Babu. Linatazamana na mtu kama ulivyosema, na fundi wangu alikaa kimya akilitazama. Tukaitia ile 82 ya Makambako kwenye kiti, tukachungulia kwa upande wa pili kwa kioo kidogo: chini yake kuna nafasi tupu, hakuna kitakacholiziba milele. Tumepima kiti, tundu na kina kwa venia ya fundi wa kuchomelea, vipimo ninavyo. Themostati zote mbili zimerudishwa dukani, na mwenye duka alikuwa muungwana, alirudisha fedha.

Tukiwa hapo tukaona kingine. Kati ya kondensa ya kiyoyozi na rejeta palikuwa na mbegu za majani na vumbi la shamba limegandamana, huwezi kuona ukisimama mbele ya gari. Tumelitoa kwa maji kutoka upande wa injini kwenda mbele.

Namba ya fremu nimempa mtu wa Dar, ameniletea namba inayoanza 90916-03 kama ulivyosema, na ana ya Tama inayolingana nayo. Tumefananisha kipenyo na vipimo vyangu, vinakubaliana. Inakuja na basi kesho.

Nina maswali ya kumalizia. Fundi anasema raba ya mduara haitoshi, anataka kupaka na silikoni. Sahihi? Kuna kijitundu kwenye ukingo wa themostati chenye kipini kinachochezacheza, kinakaa upande gani? Na feni: ikiwa ya moto inatakiwa izunguke vipi?

KijanaWaLori, Mwanza

Hilo tundu la baipasi sikulijua. Nitatazama na kwenye la bosi wangu kabla sijasema tena. Mama, Mungu akutangulie Kitonga.

BabuWaSpea, Dar es Salaam

Marahaba mama. Hizo habari za hedi zimenifurahisha kuliko unavyodhani.

Silikoni hapana. Raba ya mduara ina mfereji, inavaa ukingo wa themostati pande zote mbili na yenyewe ndiyo gasketi. Silikoni inayobanwa ndani inakatika vipande, na vipande hivyo vinakwenda kwenye vijibomba vya rejeta na vya hita. Nunua raba mpya pamoja na themostati, kuukuu imeshashika umbo. Safisha kiti kwa kitambaa na kipande cha mti, usikwangue kwa bisibisi maana alumini inachimbika na hapo ndipo maji yatakapovujia. Boliti zikaze kwa zamu, kidogo huku kidogo kule, bila kutumia nguvu za mwili mzima.

Kijitundu chenye kipini kinakaa juu kabisa, pale ambapo hewa ingekimbilia. Kazi yake ni kuitoa hewa wakati unajaza maji. Kikikaa chini, hewa inabaki nyuma ya vali, nta inazungukwa na hewa badala ya maji, na themostati mpya inachelewa kufunguka. Wengi huilaumu themostati kwa kosa hilo.

Feni yako ina klachi yenye mafuta mazito ndani. Injini ikiwa baridi na imezimwa, isukume kwa mkono, inazunguka kwa ulaini na kusimama yenyewe. Ukitoka safari, injini ya moto, zima, toa ufunguo, isukume tena: inapaswa kukataa, iwe nzito. Kama ikiwa ya moto bado inazunguka kwa wepesi, au unaona mafuta yametapakaa katikati ya feni, klachi imekwisha na Kitonga itakusumbua hata ukiwa na themostati ya dhahabu.

Kujaza maji: liegeshe gari pua ikitazama mlimani, Njombe hamkosi mteremko. Hita iwe kwenye moto wa mwisho, hata kama hupendi, ili maji yaingie na huko. Mimina kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji safi, usitumie ya kisimani, taratibu, huku fundi akiiminya mipira kwa mkono. Washa mfuniko ukiwa wazi, acha isinzie. Maji yatashuka yenyewe kila hewa inapotoka, ongeza. Shika mpira wa chini: utakuwa wa baridi kwa muda, kisha ghafla utapata moto. Hapo themostati imefunguka na utaona maji yanashuka mara nyingine. Ongeza, funga mfuniko, jaza chupa ya akiba mpaka alama ya juu.

Zungusha gari mjini, lilaze usiku, asubuhi likiwa baridi kabisa fungua mfuniko utazame. Maji yakiwa yamepungua, jaza kulanti ileile uliyochanganya, na uweke chupa yake kwenye gari kabla ya kushuka Iringa.